Aibu Ndiyo Iliyokuwa Ikikanyaga Mafuta

Breki iliyomwokoa yule baba mwenye baiskeli haikukanyagwa na mimi. Ilikanyagwa na mwalimu wangu, kwa ile breki ya ziada inayowekwa upande wake kwenye magari ya kujifunzia. Mguu wangu mimi ulikuwa kwenye mafuta.

Lilikuwa somo la tisa. Gari lilinizimikia kwenye mataa. Nikaliwasha, nikaachia klachi kwa pupa, likazima tena. Honi ya kwanza ikalia nyuma yangu, fupi, kama mtu anayekohoa kukukumbusha kwamba yupo. Nikawasha, likazima mara ya tatu, na sasa honi zikawa kwaya. Dereva mmoja akanipita pembeni, akashusha kioo na kunirushia neno ambalo sitaliandika hapa. Masikio yakanipata moto. Nikakanyaga mafuta mpaka injini ikanguruma, nikaachia klachi, gari likaruka mbele kama mbuzi aliyekata kamba. Nilikuwa nimeshavuka makutano, macho yangu yakiwa kwenye kioo cha kati yakimtafuta aliyepiga honi kubwa kuliko wenzake, mkanda uliponibana kifuani. Gari limesimama. Mbele ya boneti, juu ya mistari myeupe ya kivuko, baba mmoja anaisukuma baiskeli yake kwa mkono. Kati ya gurudumu lake na bampa langu pangeweza kupita mtu mmoja, tena awe mwembamba.

Hakunitukana. Alinitazama, akagonga boneti mara mbili kwa kiganja, taratibu, kama anayebisha hodi, akaendelea kuvuka.

"Kivuko umekiona?" mwalimu akauliza.

"Sikukiona."

"Ulikuwa unaangalia nini?"

Sikumjibu. Nilikuwa naangalia nyuma.

Watu wengi walionifundisha kuendesha walinifundisha mikono na miguu. Gia, klachi, vioo, indiketa, kurudi nyuma, kupaki, kupandisha mlima bila gari kuteleza. Hayo yote nilikuja kuyaweza, tena kwa haraka kuliko nilivyotarajia. Kilichonichelewesha na kunigharimu ni kitu ambacho hakikuwa kwenye ratiba ya masomo: nifanye nini na moyo wangu wakati gari linatembea. Nilikusudia masomo 20, nikaishia 31. Mtihani wa barabarani nilifeli mara moja, nikalipia upya ada, nikalipia upya gari la kufanyia mtihani, nikaomba ruhusa kazini siku ambazo sikuwa nazo za kuomba. Na hizo ni gharama ndogo. Ile kubwa ilibaki kiganja kimoja juu ya boneti.

Nilianza kujifunza nikiwa na miaka 33, umri ambao watu hudhani umeshamaliza kuona haya. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa fundi wa kuendesha, hilo simnyimi. Ila alifundisha kwa sauti. "Klachi! Klachi! Nimesema klachi!" Kila kosa lilikuwa na kelele yake, na dirisha lilikuwa wazi, na wapita njia walikuwa wanasikia. Sikuwahi kumjibu. Nilikaa kimya, nikatabasamu, nikasema samahani mwalimu. Nyumbani nilijisifia uvumilivu.

Ule haukuwa uvumilivu. Nilikuwa nameza, na kila nilichomeza kilishuka mguuni.

Baadaye sana, nilipoanza kusoma kuhusu jambo hili, nilikutana na kazi za mwanasaikolojia wa Marekani, James Gross, ambaye mwaka 1998 aliandika kwamba kuna tofauti kubwa kati ya kuishughulikia hisia kabla haijakomaa na kuizuia ikiwa imeshawaka. Ukiwahi mapema, unaweza kuchagua mahali pa kuwa, kuhamisha macho, au kulitazama tukio kwa jicho lingine. Ukichelewa, kinachobaki ni kuufinyanga uso ili wengine wasione. Yeye na wenzake waliwaonyesha watu filamu na picha za kuumiza moyo, baadhi wakaambiwa wasionyeshe chochote usoni. Waliojizuia walikumbuka machache ya yale waliyokuwa wameyaona. Walikuwa wamekaa vitini, hawakuwa barabarani, lakini niliposoma hapo nilikikumbuka kile kivuko. Kazi ya kuficha hasira inakula akili ileile inayotakiwa kuona mistari myeupe.

Nilikuwa nimejiandaa kupambana na hofu. Kila mtu alinionya kuhusu hofu: usiogope, jiamini, barabara si ya mtu. Kumbe hofu yangu haikuwa hatari kiasi hicho. Nilipoogopa nilikwenda polepole, nilisimama mapema, nilitazama vioo mara tatu. Niliwakera watu, ndiyo, lakini hakuna aliyekaribia kufa. Aibu ilikuwa mnyama mwingine. Aibu inataka tukio liishe sasa hivi. Inataka uondoke hapo ulipo, na wewe umekalia chombo cha kuondokea. Halafu kwa mtu kama mimi, asiyependa kukiri kwamba ameaibika, ndani ya sekunde mbili aibu hujivika nguo za hasira, nawe unajiambia kwamba unamkasirikia mpiga honi.

Ukitaka kujijua uko upande gani, jiulize ni lipi hasa linalokuchoma. Jerry Deffenbacher na wenzake waliwahi kutunga dodoso la hasira za udereva, mwaka 1994, wakayagawa mambo yanayowasha madereva katika makundi 6: ishara na maneno ya matusi, wavunja sheria, uwepo wa polisi, wanaokwenda polepole, wasio na adabu, na vizuizi vya barabarani kama foleni na mashimo. Foleni hainisumbui hata kidogo. Naweza kukaa saa nzima nikisikiliza redio. Mtu akinionyesha mkono, nimekwisha. Kaka yangu ni kinyume: matusi yanampita kama upepo, ila mbele yake awepo mtu anayekwenda polepole, utamwona anavyojipinda kitini. Hatuhitaji mawaidha ya aina moja.

Sasa ule mtihani nilioufeli.

Mtahini alikuwa mtu wa kimya. Sikuwa nimezoea kimya. Nilikuwa nimezoea kelele. Nilipokuwa napaki kinyumenyume, tairi la nyuma likagusa ukingo, kidogo tu. Nikasikia kalamu yake. Ile sauti ya kalamu kwenye karatasi, krr, fupi. Kuanzia hapo sikuendesha tena gari, niliendesha ile kalamu. Ameandika nini? Nimeshafeli? Kama nimeshafeli, ninaendelea ili iweje? Nikajijibu kwamba nitafidia kwa kumwonyesha nilivyo mwepesi. Nikaifikia alama ya kusimama nikapunguza mwendo bila kusimama, magurudumu hayakutulia hata nukta moja. Akaniambia kwa upole nipaki pembeni.

Kugusa ukingo peke yake kusingenifelisha, aliniambia mwenyewe. Kilichonifelisha kilikuja dakika nne baadaye, na kilizaliwa na lile la kwanza.

Nilibadilisha mwalimu. Nataka niseme wazi kwamba nilichelewa kufanya hivyo kwa sababu ya aibu hiyohiyo. Niliona nitaonekana ninakimbia. Kama mwalimu wako anakufundisha kwa kukudhalilisha, ondoka mapema, usingoje kifurushi kiishe. Pesa iliyobaki kwake ni ndogo kuliko ya mtihani wa kurudia.

Wa pili alikuwa dereva wa basi aliyestaafu. Wote tulimwita Mzee. Siku ya kwanza nilikaa kwenye usukani, nikafunga mkanda, nikashika ufunguo. Akaniwekea mkono mbele.

"Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, Mzee."

"Sijakusalimu, mwanangu. Nauliza umeamkaje."

Ikanibidi nifikiri. Nilikuwa nimelala kwa muda wa saa nne tu, na asubuhi nilikuwa nimegombana na mtu kwa simu. Nikamwambia. Akasema basi leo hatuendi barabara kubwa, tutazunguka uwanjani. Sikupenda. Nilikuwa nimelipia. Lakini tulipomaliza lile somo, na mimi nimezimisha gari mara sita katika uwanja mtupu usio na mtu wa kunipigia honi, nilielewa kwamba ugomvi wa asubuhi ulikuwa umepanda gari pamoja nami.

Akaniambia ninunue daftari. Kabla ya somo niandike neno moja la hali yangu, neno la kweli. "Sawa" na "poa" hayakubaliki. Baada ya somo niandike makosa, na mbele ya kila kosa, kitu kilichotangulia. Nililiona jambo la kitoto. Baada ya masomo 12 nikakaa mezani kuhesabu: makosa makubwa 19. Kati ya hayo, 14 yalikuja ndani ya dakika chache baada ya kosa lingine dogo au baada ya honi. Yaani sikuwa dereva mbaya muda wote. Nilikuwa dereva wa kawaida ambaye huwa mbaya kwa dakika tatu baada ya kuaibika. Hizo dakika tatu ndizo zilizohitaji mafunzo.

Na Mzee alizifundisha, kwa njia ambayo sijasikia mwalimu mwingine akiitumia. Alinipeleka uwanjani akaniamuru nizime gari makusudi mara kumi. Kila likizima, alinyosha mkono akabonyeza honi yangu mwenyewe bila kuachia, huku akilalama kwa sauti ya dereva mwenye haraka: "Wewe vipi! Toa gari hilo! Nani kakupa gari!" Nami nilitakiwa nifuate mpangilio mmoja bila kuruka hatua: klachi chini, breki, washa, gia ya kwanza, toa pumzi, vioo vyote, mbele kushoto na kulia, ndipo uondoke. Mara tatu za kwanza mikono ilinitetemeka ingawa nilijua ni mchezo. Mara ya tano niliruka vioo, akanirudisha. Mara ya nane nilicheka. Mara ya kumi alipiga honi mpaka mlinzi wa uwanja akaja kuuliza kuna nini, na mimi nikaendelea na vioo vyangu.

Zingatieni ile "toa pumzi" katikati ya orodha. Si kuvuta, kutoa, taratibu, kama unayepuliza uji wa moto. Kutoa pumzi kwa kirefu hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, na kwenye taa nyekundu una muda wa kufanya hivyo mara tatu au nne bila mtu kujua. Ushauri wa kuhesabu mpaka kumi ni mzuri ukiwa sebuleni. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ukifika kumi umeshakwenda mita 140 hivi ukiwa unajihesabia.

Kingine alichonipa kilikuwa kutangaza. "Tangaza barabara," aliniambia, "kama mtangazaji wa mpira redioni." Basi nikawa natembea nikisema kwa sauti: basi limesimama, mlango uko wazi, mtu anaweza kuchomoza mbele yake, mtoto upande wa ukuta ameshika mpira, hajaniona, pikipiki nyuma yangu anataka kupita, aje, taa ni kijani lakini imekaa muda mrefu, itabadilika. Mwanzoni niliona haya hata kwa hilo. Lakini mdomo unaotangaza hauna nafasi ya kugombana, na macho yanalazimika kutafuta cha kutangaza, nacho kiko mbele siku zote. Mtu akinichomekea, natangaza tu: gari jeupe limeingia mbele yangu, naachia mafuta, narudisha nafasi ya sekunde mbili. Linakuwa tukio kama mengine.

Kuna ushauri mmoja maarufu ambao kwangu ulikataa, nao ni ule wa kumfikiria vizuri aliyekukosea: labda anawahi hospitali, labda mkewe anajifungua. Nilijaribu. Sikuamini hata mara moja. Nilikuwa nasema "labda anawahi hospitali" huku moyoni nikiongeza "na iwe kweli." Kilichonisaidia ni maneno makavu zaidi: aliyenipigia honi hanijui. Hajui jina langu, hajui kwamba nimefeli mtihani, kesho tukikutana ana kwa ana hatanitambua. Honi yake ameipigia bampa ya nyuma. Huenda kwako lile la hospitali likafanya kazi. Jaribu yote mawili ukiwa umetulia, maana siku ya siku hutakuwa na muda wa kutunga.

Halafu mwili. Hisia huanza kuonekana mwilini kabla hujaipa jina, na kila mtu ana alama yake. Yangu ni kidole gumba cha mkono wa kulia: kinakakamaa juu ya usukani mpaka ukucha unakuwa mweupe. Rafiki yangu tuliyesoma naye huanza kuuma meno. Tafuta ya kwako. Mimi nikiona ukucha mweupe nalegeza vidole vyote, nasema kwa sauti jina la hisia, "nimeaibika" au "nimekasirika", na kulisema tu tayari kunashusha kitu.

Hapo ningependa kukwambia kwamba baada ya daftari na uwanja na kutangaza, nikawa dereva mwema. Kilichofuata ni kipindi cha hatari kuliko vyote, na hakikuwa na aibu wala hasira. Kilikuwa na furaha.

Kati ya masomo nilikuwa nafanya mazoezi na kaka yangu, ambaye ana leseni ya miaka mingi. Gari halikuzima tena. Gia zikawa zinaingia zenyewe. Nilianza kuwahukumu madereva wengine: tazama huyu anavyokata kona, tazama yule hajawasha indiketa. Ndani ya kichwa changu zikaingia kauli ambazo sikumbuki kuzialika. "Ni hapo tu." "Barabara nyeupe." "Kila mtu anapita hivyo." Na ile mama yao: sheria zimewekwa kwa ajili ya wasiojua kuendesha. Mtafiti wa Uswidi, Ola Svenson, aliwauliza wanafunzi wa vyuo wajilinganishe na madereva wenzao kwa ustadi. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1981 ni kwamba asilimia 93 ya Wamarekani na asilimia 69 ya Waswidi aliowauliza walijiweka katika nusu ya juu. Nusu ya juu ina nafasi za nusu ya watu tu. Mimi nilijiweka humo nikiwa sina hata leseni.

Siku yenyewe tulikuwa nje ya mji, nyuma ya lori. Jua limetua kidogo, muziki upo, tunacheka. Kaka akasema, bila ubaya wowote, "Sasa hapa unalifuata lori mpaka lini? Endesha kama mtu mzima."

Nikatoka. Lori lilikuwa refu kuliko lilivyoonekana kwa nyuma. Nilipofika usawa wa magurudumu yake ya katikati, mbele kukatokea taa mbili. Nilikuwa na njia mbili, kukanyaga breki nirudi nyuma yake au kukanyaga mafuta nimalize, na nilikanyaga mafuta, kwa sababu kurudi kungekuwa kushindwa mbele ya kaka. Dereva wa lori ndiye aliyekuwa mtu mzima siku ile. Alipunguza mwendo, akasogea pembeni mpaka matairi yake yakatimua vumbi la kando ya barabara, akaniachia pengo. Lile gari la mbele lilinipita likipiga honi ndefu, na gari letu likatikisika kwa upepo wake.

Kaka alizima muziki. Hatukuongea mpaka tulipofika.

Nilimweleza Mzee nikitarajia ngurumo. Alitoa kalamu, akaniomba ukurasa wa daftari. "Lori linakwenda 60, wewe 80. Unalizidi 20." Kilomita 20 kwa saa ni kama mita tano na nusu kwa sekunde. Urefu wa lori, urefu wako, nafasi ya nyuma, nafasi ya kuingilia mbele yake: tukaweka mita 60. Jibu ni sekunde 11 kwenye upande usio wako. Kwa mwendo wa 80 gari hula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo utatumia mita 240 hivi. Na yule anayekuja kwa 80 naye atakula 240 zake. Karibu nusu kilomita ya barabara ambayo lazima uione tupu kabla hujatoka. Mimi niliangalia, nikaona "nyeupe", nikatoka.

Kisha akaniuliza nilikuwa nakwenda umbali gani. Kilomita 20. Kwa 60 ni dakika 20, kwa 80 ni dakika 15.

"Hizo tano ulitaka kuzifanyia nini?"

Nilifikiri kwa unyofu kabisa. Sikuwa na la kuzifanyia. Tulipofika tulikaa nje ya gari zaidi ya nusu saa, miguu haina nguvu.

Katika daftari, mbele ya kosa lile, palipaswa kuandikwa kitu kilichotangulia. Niliandika "furaha". Mzee alisoma, akalikata, akanirudishia kalamu. Nikaandika "kaka ananitazama". Akaacha. Ilikuwa aibu ileile, ila safari hii ilikuja kabla ya kosa: hofu ya kuaibika, imevaa nguo za sherehe.

Kuongea na kaka kulikuwa kugumu kuliko uwanja na honi zake. Nilimwambia kwamba nikiwa kwenye usukani, anayekaa pembeni haniharakishi, hanichekeshi kwenye makutano, hanishauri kupita gari. Akiona hatari aseme neno moja, "simama". Alinuna. Aliniambia nimeanza kujiona, halafu kwa wiki mbili akawa hana nafasi ya kunisindikiza. Ukiwa mwanafunzi unahitaji hisani ya wenye leseni, na ni rahisi kuilipia hisani hiyo kwa kuendesha wanavyotaka wao. Bora umkose mtu kwa wiki mbili. Alirudi mwenyewe, na nimegundua siku hizi hata yeye halifuati lori kwa karibu kama zamani, ingawa hilo hatujawahi kulizungumza.

Mambo mengine niyaseme harakaharaka. Simu nilianza kuiweka kwenye buti, kwa sababu ujumbe mmoja wa kuudhi unaosomwa kwenye foleni utauendesha kutwa nzima. Kuondoka mapema kulinisaidia kuliko mbinu zote za kupumua. Mtu aliyewahi ana subira asiyoistahili. Baada ya ugomvi au habari mbaya, nakaa ndani ya gari lililozimwa mpaka niweze kutaja vitu vitano ninavyoviona mbele yangu, na nisipoweza, natafuta usafiri mwingine. Na usiseme "mimi huwa nina hasira" kana kwamba unataja urefu wako. Nilisema hivyo miezi miwili, ikawa ruhusa.

Mtihani wa pili gari lilinizimikia. Ndiyo, kwenye mataa, mtahini pembeni, foleni nyuma. Honi ikalia. Ukucha ukawa mweupe, nikauona. Klachi chini, breki, washa, gia, pumzi, vioo, mbele kushoto na kulia. Kulikuwa na mama anamalizia kuvuka, nikamngoja. Kalamu ilisikika, krr, nami nikaanza kutangaza kimoyomoyo kuhusu basi lililokuwa linatoka kituoni. Nilifaulu. Mtahini hakusema kitu kuhusu kuzima.

Leseni ninayo kwa miezi minane sasa. Wiki iliyopita nilikuwa nampeleka mtoto wa kaka nyumbani kwao, amekaa nyuma na begi lake la shule. Kwenye mzunguko nikasita kidogo, gari la nyuma likanipita kwa fujo, dereva akatoa mkono dirishani akanionyesha ishara. Yule mtoto aliiona. Nadhani hilo ndilo lililoniuma, kwamba aliiona.

"Shangazi," akasema baada ya muda, "hii siyo njia ya kwetu."

Nilitazama. Kweli haikuwa. Nilikuwa nimemfuata yule bwana kona mbili, nimemkaribia mpaka nasoma kibandiko kwenye kioo chake, na sikuwa na habari. Nikawasha indiketa, nikapaki pembeni, nikatoa daftari kwenye mfuko wa mlango. Tarehe. "Aibu." Kona mbili.

"Unaandika nini?"

"Naandika ulichoniambia."

Alirukaruka kitini kuchungulia, akaniuliza kama na jina lake limo. Nikaliandika. Kisha nikatazama vioo, nikangoja pikipiki mbili zipite, tukageuza.